Mtoto Anatazama Nini Anapoitikia?

Katika madarasa mengi ya awali na ya kwanza ya Afrika Mashariki, somo la kusoma husikika kutoka mbali. Mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, darasa zima linaitikia: a, e, i, o, u; ba, be, bi, bo, bu. Wiki chache zikipita, mtoto anaweza kuimba safu nzima nyumbani bila kukosea, na mzazi anaamini kwamba mwanawe ameshaanza kusoma. Sasa mwandikie mtoto huyo "bi" peke yake katikati ya karatasi, umwulize inasomwaje. Wengi hukwama. Wengine hunong'ona ba, be, bi, wakaifikia kwa kuanza safu upya. Kunong'ona huko kunaeleza mengi. Mtoto si mvivu wala si mzito. Amejifunza vizuri sana, ila alichojifunza ni kwamba baada ya be huja bi. Sauti imeshikana na sauti iliyoitangulia, na alama iliyoko ubaoni imebaki pembeni. Mtoto huunganisha vitu viwili vilivyomo akilini mwake kwa wakati mmoja, hata kama mwalimu alikusudia vingine. Kwa hiyo anayemfundisha mtoto kusoma, awe mwalimu, mzazi, shangazi au kaka mkubwa, ana swali la kujiuliza kila dakika ya somo: sauti hii inapotoka mdomoni, jicho la mtoto liko wapi?

Wanasaikolojia huliita jambo hili kujifunza kwa kuhusisha: vitu viwili vikijitokeza pamoja mara nyingi, kimoja huja kukiamsha kingine akilini. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula, anakumbukwa zaidi kwa mbwa wake waliotokwa na mate kwa kusikia tu ishara iliyozoea kutangulia chakula. Herufi na sauti yake ni jozi ya namna hiyo. Hakuna chochote katika umbo la herufi m kinachomwambia mtoto afumbe midomo na kutoa sauti puani. Ni makubaliano ya watu, na makubaliano hayagunduliwi kwa kufikiri sana, lazima mtu akufundishe. Mwaka 2007 Charles Hulme na wenzake nchini Uingereza waliwapima watoto wa miaka 7 hadi 11 kwa kazi tatu: kuoanisha umbo na umbo, kuoanisha neno la kubuni na neno la kubuni, na kuoanisha umbo na neno la kubuni. Kazi ya tatu, inayofunga jicho na sikio pamoja, ndiyo iliyokuwa na mchango wake wa pekee katika kutabiri jinsi mtoto anavyosoma maneno. Kuoanisha neno na neno hakukuwa na mchango huo. Pamoja na kazi hiyo ya tatu ulikuwepo uwezo mwingine, wa kuitenga sauti moja ndani ya neno, na huo nitaurudia kwa sababu bila huo jozi hizi hazifiki mbali.

Mtu anaweza kusema: lakini darasani herufi na sauti vinakuwa pamoja, si mwalimu anaigusa herufi huku watoto wakiitamka? Hapo ndipo jaribio la Leon Kamin, lililochapishwa mwaka 1969, linapotufaa. Kamin aliwazoesha panya kwamba kelele fulani hufuatwa na mshtuko wa umeme. Walipokwisha kuzoea, akaongeza taa: sasa kelele na taa vilitangulia mshtuko pamoja. Baadaye alipowasha taa peke yake, panya hawakuonyesha woga wa maana. Taa ilikuwa imeambatana na mshtuko mara kadhaa, lakini haikuwapa habari yoyote mpya, kwa kuwa kelele ilikwisha kuwaambia yote. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayeimba safu. Anajua kwa mdomo kitakachofuata; herufi haimwambii jambo asilolijua, kwa hiyo hana sababu ya kuitazama, na hata akiitazama haimwingii. Dawa yake haigharimu shilingi: vuruga mpangilio. Mwalimu akigusa bo, kisha ba, kisha bu, kisha bo tena, wimbo unakufa na njia pekee ya kupata jibu ni kuisoma alama.

Kanuni hiyo hiyo inahusu picha, na hapa wazazi wenye uwezo wa kununua vitabu vya rangi wanahitaji tahadhari zaidi kuliko wale wasio nao. Mwaka 1967 S. Jay Samuels, mtafiti wa Marekani, aliwafundisha watoto maneno machache, wengine wakiwa na picha kando ya neno na wengine bila picha. Wakati wa kufundishwa, picha iliwasaidia sana. Walipopimwa bila picha, wale waliojifunza bila picha ndio waliosoma maneno mengi zaidi. Mtoto anayeona mchoro wa kuku pembeni mwa neno "kuku" anatamka kuku kwa furaha, anasifiwa, na hajagusa herufi hata moja. Hili halina maana kwamba tuvifiche vitabu vya hadithi vyenye picha. Hadithi inasomwa kwa ajili ya hadithi, na picha humpa mtoto maneno, mazungumzo na hamu. Ila muda ule mfupi wa kufundisha herufi, funika picha kwa kiganja mpaka neno lisomwe, kisha ifunue iwe uthibitisho.

Kuna picha moja tu inayosaidia, nayo ni ile iliyomo ndani ya herufi yenyewe. Linnea Ehri na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba mchoro uliofuata umbo la herufi, wa kitu ambacho jina lake linaanza na sauti hiyo, uliwasaidia watoto kuikumbuka herufi, ilhali mchoro wa kawaida uliokaa pembeni haukuwasaidia. Katika Kiswahili m inaweza kuchorwa kama milima, s kama sisimizi waliojipanga safu iliyopinda. Lakini michoro ya namna hii lazima itoke katika lugha ya mtoto. Chati nyingi zinazouzwa madukani zimeigwa kutoka Kiingereza, ambako s huchorwa kama nyoka kwa sababu jina la nyoka kwa Kiingereza huanza na s. Mtoto wa Kiswahili akimwona nyoka huyo anasikia "nyo", na chati iliyonunuliwa kwa nia njema inamfungia herufi na sauti isiyo yake.

Sasa turudi kwenye ule uwezo wa pili. Kuhusisha kunaweza kufanyika kwa ukamilifu na bado mtoto asijue kusoma. Brian Byrne na Ruth Fielding-Barnsley, huko Australia, waliwafundisha watoto wadogo wasiojua kusoma maneno mawili ya Kiingereza, "sat" na "mat", mpaka wakayatofautisha bila shida. Kisha wakawaonyesha neno jipya, "mow", na kuwauliza kama linasomeka "mow" au "sow". Aliyeelewa kwamba m ndiyo iliyobeba sauti ya kwanza ya "mat" angejibu mara moja. Watoto waliofaulu ni wale tu waliokuwa na mambo mawili: kuijua herufi na sauti yake, na kusikia kwamba maneno yameundwa kwa sauti zinazotengeka. Wengine walibahatisha, kwa maana walikuwa wamehusisha umbo zima na neno zima. Hapa wanaofundisha Kiswahili tuna bahati na mtego kwa pamoja. Bahati ni kwamba silabi zetu nyingi ni fupi na zinaishia na irabu, hivyo mtoto huzisikia kwa urahisi na mbinu ya silabi humpa maneno kamili mapema. Mtego ni kwamba silabi zinaweza kukaririwa moja moja kama picha. Konsonanti zetu, ukihesabu ch, dh, gh, sh, th, ny na ng', zinafika 25 hivi. Ukizizidisha kwa irabu tano unapata silabi zaidi ya 120, kabla hujagusa mba, nda, kwa au mwa. Mtoto aliyeambiwa azikariri zote ana mzigo wa mwaka mzima. Aliyeelewa kwamba ba na bi zinashiriki mwanzo, na kwamba bi na mi zinashiriki mwisho, ana vitu 30 tu vya kujifunza, na vilivyobaki anavitengeneza mwenyewe.

Kwa sababu hiyo nawashauri walimu na wazazi waanze na konsonanti zinazoweza kuvutwa kwa pumzi bila irabu: m, s, l, n. Mtoto anaweza kusema mmmm na kuisikia ikiingia ndani ya a bila kukatika: mmmaa, ma. Herufi b au k haikai mdomoni peke yake, na mwalimu akilazimisha kuitamka hujikuta ameweka irabu isiyotakiwa. Kwa hizo nne na irabu tano tayari kuna mama, sasa, lala, lima, sema, mali, nani, sima, maneno ambayo mtoto anayajua tangu zamani kwa masikio. Cheza naye kwa mdomo kabla hujaandika: mama na meza vinaanza kwa sauti gani? Ondoa m kwenye mali, kinabaki nini? Kisha ubadilishe herufi moja tu kwa kadi: mali, sali, sala, lala. Mbinu hii ya kubadilisha kipande kimoja huku vingine vimetulia ndiyo inayomwonyesha mtoto kipi kinafanya nini. Na mwache aandike kwa mkono, hata kwa kijiti mchangani. Watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Marieke Longcamp walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto wa chekechea waliojifunza herufi kwa kuziandika, hasa wale wakubwa kidogo, walizitambua vizuri zaidi kuliko waliojifunza kwa kuzibonyeza kwenye kibodi. Kidole kikichora, jicho halina nafasi ya kwenda kwingine.

Jambo linalovuruga jozi hizi kuliko yote ni alama moja kupewa sauti mbili, au alama mbili zinazofanana kufundishwa siku moja. Kuhusu la pili ushauri ni mfupi: usifundishe b na d katika wiki ile ile. Jicho la binadamu limezoea kwamba kikombe ni kikombe mkono wake ukielekea kushoto au kulia, na herufi hizi mbili zinamtaka mtoto aache mazoea hayo. Iimarishe b hadi aisome bila kusita, ndipo d iletwe. Vivyo hivyo kwa ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe". Kuhusu la kwanza kuna mengi zaidi ya kusema, kwa sababu linagusa maelfu ya nyumba za mijini. Mtoto anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza anaambiwa asubuhi kwamba E inaitwa "ii" na I inaitwa "ai". Jioni nyumbani au kwenye somo la Kiswahili anaambiwa e ni e na i ni i. Irabu A, E na I zote zinampa majibu mawili yanayogombana, na mbaya zaidi, jina la Kiingereza la E ni sauti ya Kiswahili ya i. Mtoto akisoma "meli" kama "mili" asikemewe; ametumia jozi aliyopewa. Ningependa kila mtoto anayezungumza Kiswahili aanze kwa Kiswahili, na majina ya herufi ya Kiingereza yasubiri hadi sauti zishike. Wapo watakaosema kwamba huko ni kumchelewesha. Ushahidi unaelekea upande wa pili. Philip Seymour na wenzake walilinganisha mwaka 2003 wanafunzi wa lugha 13 za Ulaya wakiwa katika mwaka wa kwanza wa kufundishwa kusoma. Watoto wa Finland, ambako kila herufi ina sauti yake karibu daima kama ilivyo kwetu, walisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 95 ya maneno ya kawaida; watoto wa Scotland, wanaosoma kwa Kiingereza, walisoma kama theluthi moja. Aliyeelewa jinsi herufi zinavyofanya kazi katika lugha isiyomdanganya ana pa kusimama atakapokutana na Kiingereza. Kama shule imeshaamua vinginevyo, tenganisha basi: kadi za rangi moja kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiingereza, na nyakati tofauti za siku.

Mwalimu mwenye wanafunzi 100 na ubao mmoja atasema ushauri huu ni wa watu wenye madarasa madogo. Pingamizi hili ni zito na halistahili kujibiwa kwa maneno mepesi, maana idadi hiyo si ya kubuni katika shule nyingi za umma. Lakini yaliyo muhimu hayahitaji darasa dogo. Kuitikia kwa pamoja kunaweza kubaki, mradi yabadilishwe mambo matatu: mpangilio uvurugwe, mwalimu anyamaze sekunde mbili tatu baada ya kugusa herufi kabla ya kuruhusu jibu, na jibu litoke kwa safu moja ya madawati kwa zamu badala ya darasa zima. Ule ukimya ndio somo lenyewe. Katika sekunde hizo kila mtoto analazimika kulitafuta jibu kichwani mwake, na kulitafuta jibu hukomaza kumbukumbu kuliko kulisikia tena. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha hivyo kwa majaribio mwaka 2006, ingawa wao walikuwa na vijana wa chuo kikuu na vifungu vya kusoma. Kadi zikatwe kutoka maboksi ya dukani, watoto wawili wawili waulizane kwa dakika tano. Na dakika tano kila siku, pamoja na kurudia herufi za wiki iliyopita, zina faida zaidi kuliko nusu saa ya Ijumaa. Hili la kutawanya mazoezi limethibitishwa tangu siku za Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 na halina ubishi tena.

Pingamizi jingine husikika kwa wazee: sisi tuliimba safu hizo hizo, na tukasoma, na tukawa walimu na madaktari. Ni kweli, walisoma. Ila tuwahesabu wote waliokuwemo darasani mwao, pamoja na wale walioacha shule wakiwa hawajui kusoma barua. Tathmini za kusoma za mpango uitwao Uwezo, zilizoanza kutolewa mwaka 2010 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, zimekuwa zikionyesha idadi kubwa ya watoto wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Waliofanikiwa chini ya mbinu ya kuimba mara nyingi walikuwa na kitu cha ziada: kitabu chao wenyewe, dada wa kuwaonyesha kwa kidole, au nafasi ya mbele karibu na ubao. Waliotazama walisoma. Na urahisi wa maandishi ya Kiswahili usitufanye tulegee. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya wanafunzi wa Tanzania, walionyesha mwaka 2003 kwamba hata lugha inayoandikwa kwa utaratibu kama yetu humtaka mtoto jasho.

Wapo pia walimu wazuri wanaochukia habari hizi zote za jozi na mazoezi. Wanasema kusoma ni kuelewa, na kwamba tunazalisha kasuku. Nakubaliana nao juu ya lengo. Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili yaliyozidishwa, kutambua maneno na kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto wa kijiji ambako nyumbani huzungumzwa Kisukuma au Kidigo anaweza kutamka sentensi nzima ya Kiswahili na asipate kitu. Kwa huyo, jozi nyingine inahitajika, ya neno na maana, nayo hujengwa kwa mazungumzo, hadithi na vitu vya kushikwa, kabla na baada ya kusoma. Lakini mtoto anayehangaika kuitambua kila herufi hana nguvu iliyobaki ya kuelewa. Kuhusisha kwa haraka, bila kusita, ndiko kunakoiacha akili huru.

Haraka hiyo huchelewa kuja kuliko tunavyodhani. Dries Froyen, Leo Blomert na wenzao wa Maastricht, Uholanzi, walipima mwitikio wa ubongo wa watoto na kukuta kwamba baada ya mwaka mmoja shuleni walizijua herufi zote, lakini muungano wa papo hapo wa herufi na sauti haukuonekana bado. Ulianza kujitokeza kwa wale wa miaka minne shuleni, na hata hao hawakufikia watu wazima. Mtoto anayejibu sawasawa baada ya kufikiri bado yuko njiani, na anahitaji kuendelea kusomewa na kusoma kila siku hadi darasa la tatu na la nne. Katika muda wote huo kanuni ya Pavlov haichagui jozi nzuri. Daftari linalofunguliwa kwa hofu, likifuatwa na kofi au kicheko cha wenzake, nalo linahusishwa, na woga huo hushika upesi kuliko herufi. Somo liwe fupi, kosa lisahihishwe palepale kwa kutamka sauti iliyo sahihi na kumwomba arudie akiitazama herufi, na lifungwe kabla mtoto hajachoka.

Kupima kama ameshika, tumia maneno yasiyokuwepo: dipa, tovi, nelu. Hayana picha, hayana wimbo, hajawahi kuyasikia, kwa hiyo hawezi kuyakisia. Akiyasoma, mpe vitabu vingi vyepesi. David Share alieleza mwaka 1995 jinsi msomaji anayeweza kufumbua neno geni anavyojifundisha mengine mwenyewe kila anaposoma. Akikosea, usimrudishe mwanzo wa safu. Andika pembeni herufi iliyomkwamisha, iwe d au v tu, na kesho anza na hiyo ukiichanganya na mbili anazozijua. Na kama baada ya miezi ya mazoezi ya namna hii jozi bado hazishiki, apimwe macho na masikio kwanza. Akiwa mzima, basi ni mmoja wa watoto ambao kuoanisha umbo na sauti huwachukua marudio mengi zaidi kuliko wenzao, na anastahili kupewa marudio hayo na mtu asiyemkaripia.